Namna ya Kuandika Historia ya Skwadroni ya Ndege: Kutoka Mabomu Hadi Darasa la Marubani

Katika nyumba nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya ilikuwapo, na katika baadhi ipo mpaka leo, picha ya kijana aliyesimama wima, amevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, mikono imenyooka na uso haucheki. Wenye nyumba watakuambia kwamba huyo ni babu alipokuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na kwamba alikwenda Burma. Ukiuliza zaidi utasikia habari za mvua, matope, ruba na Wajapani, lakini ukiuliza ndege zilizokuwa zikipita juu yake zilikuwa za nani, utajibiwa tu kwamba zilikuwa za Mwingereza. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye jibu hilo halimtoshi, yaani anayetaka kuchagua skwadroni moja ya ndege za kivita, kuifuata tangu ilipokuwa ikidondosha mabomu hadi ilipogeuka kuwa shule ya marubani, na kuiandika kwa Kiswahili ambacho wajukuu wa askari yule watakisoma bila taabu.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni Skwadroni ya 45 ya Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza. Nimeichagua kwa sababu umri wake ni mrefu, nyaraka zake za vita ziko wazi kwa umma, na njia yake imepita karibu nasi: iliwahi kuwa na kundi lake Nairobi, ilipiga mabomu majeshi ya Italia huko Eritrea, na ilikuwa Burma wakati mmoja na askari wetu wa Tanganyika. Wapo watakaouliza kwa nini tusianze na jeshi letu wenyewe. Swali hilo ni halali, lakini mambo ya jeshi lililo kazini yanalindwa na sheria, na mwandishi asiye na kibali hana ruhusa ya kupiga picha kambi wala kutafuta nyaraka zake. Jifunze kazi kwa kikosi cha zamani ambacho makabati yake yamefunguliwa, na siku utakapopata kibali cha kuandika habari za nyumbani utakuwa umekwisha kuijua kazi.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, nunua kaunta buku moja nene na uandike katika ukurasa wa kwanza mstari wa miaka wa kikosi chako, ukitaja mwaka, mahali, aina ya ndege na kazi iliyofanywa. Usiandike kitu kingine mpaka ukurasa huo ujae, kwa maana bila huo utapotea katikati ya habari. Ukurasa wangu wa Skwadroni ya 45 unaanza tarehe 1 Machi 1916 huko Gosport, pwani ya kusini ya Uingereza. Mwaka huohuo ilikwenda Ufaransa na ndege za Sopwith 1½ Strutter, mwaka 1917 ikapewa ndege za Sopwith Camel, kisha ikahamishiwa Italia, na mwisho wa mwaka 1919 ikavunjwa. Aprili 1921 iliundwa upya Helwan, nchini Misri, na mwaka uliofuata ikawa Iraki na ndege za Vickers Vernon. Miaka ya 1930 ilikuwa Misri tena, huku kundi lake lililokuwa Nairobi likitengwa Desemba 1936 na kuwa Skwadroni ya 223. Tarehe 11 Juni 1940, siku moja tu baada ya Italia kutangaza vita, ndege zake za Blenheim zilipiga kiwanja cha ndege cha El Adem huko Libya. Mwaka 1942 ilihamishiwa Burma na India, ambako ilirusha Vengeance na baadaye Mosquito. Kuanzia mwaka 1948 ilikuwa Malaya ikipigana na wapiganaji wa msituni, na humo ilibadilisha ndege mara kwa mara: Beaufighter, Brigand, Hornet, Venom na Canberra. Ilivunjwa mwaka 1970, ikafufuliwa mwaka 1972 na ndege za Hunter, ikavunjwa tena mwaka 1976. Mwaka 1984 namba yake ilipewa kitengo cha kufundishia ndege za Tornado, mwaka 1992 ikapewa shule ya marubani wa ndege zenye injini zaidi ya moja, na shule hiyo imetumia Jetstream, kisha King Air kuanzia mwaka 2004, kisha Phenom kuanzia mwaka 2018.

Ukiutazama ukurasa huo kwa makini utaona mambo mawili yanayowapotosha waandishi wengi, nami ningependa tukae hapo kidogo.

Namba si watu

Jambo la kwanza ni kwamba skwadroni hufa na kufufuka. Kati ya mwaka 1976 na 1984 hapakuwa na rubani hata mmoja duniani aliyeamka asubuhi na kujiita mtu wa Skwadroni ya 45, na bado historia zinazoandikwa haraka huruka miaka hiyo kana kwamba namba ilikuwa ikiruka yenyewe. Kwetu nyanda za juu kusini jambo hili si geni. Mtoto huzaliwa na kupewa jina la babu yake, watu humwita babu, humheshimu kwa ajili ya jina hilo, na wengine humtania kwa sababu yake, lakini hakuna anayedai kwamba mtoto huyo ndiye aliyelima shamba la miaka ile. Namba ya skwadroni hurithiwa vivyo hivyo, pamoja na bendera na nembo. Nembo ya Skwadroni ya 45 ni ngamia mwenye mabawa, na ndani yake kuna kumbukumbu mbili: ndege za Sopwith Camel, ambazo jina lake maana yake ni ngamia, na miaka mingi ya jangwani Misri na Iraki. Kauli mbiu yake ya Kilatini, Per Ardua Surgo, maana yake ni kwamba kwa kupitia taabu nainuka. Mwanafunzi wa urubani anayevaa nembo hiyo leo amerithi jina. Mwandishi analazimika kusema waziwazi ni wapi urithi ulipita kwa watu waliofanya kazi pamoja na ni wapi ulipita kwa karatasi tu ya makao makuu, kwa hiyo kila kikosi kinapovunjwa na kuundwa upya, chora mstari mwekundu katika kaunta buku yako.

Jambo la pili ni kwamba kugeuka kutoka mabomu kwenda mafunzo hakutokei kwa siku moja. Nilipoanza kazi hii nilidhani nitapata tarehe ambayo bomu la mwisho lilianguka na kesho yake ubao wa darasa ukasimamishwa. Sikuipata, na sasa naamini kwamba kuitafuta ni kosa. Ndege za Hunter za mwaka 1972 zilikuwa na bunduki na roketi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwazoesha marubani kushambulia ardhini kabla ya kwenda kwenye ndege mpya zaidi, na kwa hiyo mafunzo yalikuwa yamekwisha kuingia mlangoni. Mwaka 1984 kilifuata kipindi ambacho naomba msomaji akielewe vizuri. Kitengo cha Tornado kilichokuwa Honington, Uingereza, kilikuwapo tayari kwa jina lake, kikifundisha marubani na waongozaji njia matumizi ya silaha. Kilipewa namba ya 45 kama namba ya kivuli, na maana yake ni kwamba vita vikitokea, walimu wangeacha ubao, wangepanda ndege zilezile walizofundishia na kwenda vitani chini ya namba hiyo. Hilo lina sababu nzuri, kwa kuwa mwalimu ndiye mwenye saa nyingi angani, na hakuna jeshi lenye akili litakalomwacha nyumbani siku ya vita. Kwa hiyo kati ya mwaka 1984 na 1992 kikosi hiki kilikuwa shule mchana na jeshi la akiba usiku, na ukikiita kwa jina moja tu utakuwa umekata nusu ya ukweli. Mimi naiweka bawaba ya mlango mwaka 1992, namba ilipohamia kwenye Jetstream, kwa sababu tangu hapo ndege zake hazikubeba silaha yoyote.

Tena chunguza kama kazi haikuwahi kubadilika mara nyingine kabla ya hapo. Vernon za Iraki zilikuwa ndege za kubeba askari na mizigo. Kamanda wa skwadroni, Arthur Harris, ambaye kuanzia Februari 1942 aliongoza ndege zote za mabomu za Uingereza dhidi ya Ujerumani, ndiye aliyeagiza zifungwe vishikio vya mabomu na kukatwa tundu puani ili mlenga shabaha alale hapo na kutazama chini. Ndege ya mizigo iligeuzwa kuwa ndege ya mabomu kwa uamuzi wa watu waliokuwa jangwani na vifaa vyao vya karakana. Habari kama hii ina thamani kuliko kurasa kumi za orodha ya ndege, kwa sababu inaonyesha mkono wa mtu.

Daftari la operesheni

Chanzo kikuu cha habari za skwadroni yoyote ya Uingereza ni daftari lake la operesheni, ambalo lina sehemu mbili. Fomu 540 ni muhtasari wa kila siku wa maisha ya kikosi: nani amefika, nani ameondoka, mvua, ugonjwa, kuhama kambi. Fomu 541 inaeleza kila safari ya kivita, yaani ndege gani, nani walikuwamo, saa ya kuruka na ya kurudi, na walichofanya. Madaftari ya skwadroni yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, katika fungu la AIR 27, na mengi yamepigwa picha na yanaweza kupakuliwa kwa intaneti. Shule na vitengo vingine vya mafunzo utavitafuta katika fungu la AIR 29. Wengi husahau hili, wakabaki wakishangaa kwa nini kikosi chao kimepotea katika orodha, kumbe kimebadilisha kabati.

Usisome daftari hilo kama gazeti. Lisome kama mtu anayekagua hesabu za chama cha ushirika, ukiwa na karatasi ya kando yenye safu za tarehe, ndege, watu na kazi, na kila unapokutana na jina la mahali litafute kwenye ramani kabla ya kuendelea, kwa kuwa majina ya Burma yaliandikwa kwa tahajia tofauti na kila karani. Kumbuka pia kwamba aliyeandika Fomu 540 alikuwa ofisa mwenye kazi nyingine nyingi, na alichoona kuwa si muhimu hakukiandika. Wapishi, wachukuzi na vibarua wa viwanjani hawamo kwa majina. Ukimaliza mwezi mmoja wa daftari, jiulize ni nani alikuwapo kambini ambaye hujamwona kwenye karatasi.

Ushahidi wa mdomo na namna ya kuupima

Hapa ndipo sisi tunaoishi huku tuna kitu ambacho msomi wa London hana, na ndipo nilipofanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Katika miaka ya 1990 nilikwenda kijiji kimoja karibu na Kalenga kumwona mzee aliyekuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake mlikuwa na batalioni za Keya kutoka Tanganyika. Nilimsalimu, “Kamwene, babu,” naye akaitikia na kunionyesha kigoda. Tulizungumza habari za mahindi kwanza, kama inavyostahili, kisha nikamwuliza habari za ndege. Aliniambia, “Mjukuu wangu, ndege ndizo zilizotulisha. Barabara ilikuwa tope mpaka magotini. Zilikuja chini sana, zikamwaga magunia, na sisi tulijificha nyuma ya miti, maana gunia likikupata umekwisha.”

Niliyaandika maneno yake kwa furaha. Divisheni hiyo ilishuka katika Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, ikateka Kalewa kwenye Mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba, na wahandisi wakajenga hapo daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la mita 352, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko mengine yote ya aina hiyo. Skwadroni ya 45 nayo ilikuwa ikishambulia Burma mwishoni mwa mwaka huo. Tarehe zililingana, nchi ilikuwa ileile, na nikaziunganisha: nikaandika kwamba Skwadroni ya 45 iliwalisha watu wa Iringa. Niliishi na sentensi hiyo kwa miezi kadhaa kabla ya kujiuliza swali ambalo mtoto wa shule angeuliza, yaani gunia lilikaa wapi. Mosquito ilibeba watu wawili waliokaa karibu bega kwa bega, mizinga na bunduki puani, na tumboni nafasi ya mabomu. Haina mlango wa kusukumia mchele. Waliowalisha askari wale walikuwa marubani wa ndege za uchukuzi, hasa Dakota.

Nilirudi kwa yule mzee nikiwa na picha mbili zilizochapwa kwa wino mweusi. Aliishika ya Dakota, akaweka kidole kwenye mlango mpana wa ubavuni, akasema, “Hii.” Ya Mosquito aliitazama muda mrefu, kisha akasema kwamba hizo walizisikia zaidi kuliko kuziona, kwa sababu zilikuwa zikienda mbele, walikokuwa adui. Kwa maneno hayo machache alinieleza kazi ya skwadroni ya mabomu vizuri kuliko nilivyokuwa nimeieleza katika kurasa zangu. Kwa hiyo usiunganishe ushahidi wa mzee na kikosi chako mpaka tarehe, mahali na aina ya ndege vimekubaliana vyote vitatu. Nenda na picha, usiende na majina, kwa kuwa jina la ndege halikufundishwa kwa askari wa miguu, lakini umbo lake alilikariri kwa maisha yake. Na ukishagundua kosa, rudi kwa mtu uliyemnukuu, kwa sababu maneno ni yake.

Sababu zinapogongana

Kila historia ya kikosi cha vita ina ajali ambayo wakubwa waliieleza kwa namna tofauti. Katika mfano wetu ni ya Novemba 1944, wakati Mosquito kadhaa za Mashariki ya Mbali zilipovunjika mabawa zikiwa angani na ndege za aina hiyo zikasimamishwa zikaguliwe, Skwadroni ya 45 ikiwa miongoni mwa waliokumbwa. Mosquito iliundwa kwa mbao: tabaka za plaiwudi ya mti wa bechi (birch), na katika kiwiliwili mbao laini ya balsa katikati yake, zote zikishikwa kwa gundi. Maelezo ya kwanza yalisema kwamba gundi iliharibiwa na joto na mvua za monsuni. Ujumbe ulioongozwa na Hereward de Havilland ulifika India na mwanzoni mwa Desemba ukaandika kwamba gundi haikuwa na kosa, bali mbao za ndege zilisinyaa wakati wa msimu wa mvua. Uchunguzi mwingine ulisema kwamba kosa lilikuwa la kiwandani, katika kuunganisha vipande vya bawa.

Sikujua la kufanya na maelezo hayo matatu, kwa hiyo niliyapeleka kwa fundi seremala mmoja wa Mafinga, mtu aliyekulia katikati ya misonobari ya Sao Hill na anayeijua plaiwudi kama mama anavyoujua unga. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kipande kilichokuwa kimelala nje masika yote, akaingiza ncha ya patasi kati ya tabaka na kuzitenganisha, kisha akanionyesha sehemu mbili kwenye ubao uleule. Upande mmoja tabaka lilipong'oka liliondoka na nyuzi za mbao, zikabaki zimesimama kama ndevu. Upande wa pili gundi ilikuwa laini na yenye kung'aa, bila unyuzi hata mmoja. “Hapa iling'ang'ania mpaka mbao ikachanika,” alisema. “Hapa haikushika kitu tangu siku ya kwanza. Fundi hakubana vizuri, mvua ikaja kumuumbua.” Maelezo yake hayathibitishi kilichotokea India, nami sikuyatumia hivyo. Lakini yalinifundisha kwamba sababu tatu zinaweza kukaa katika bawa moja, na kwamba swali la kuuliza kila ripoti ni hili: mkaguzi aliona nini kwa macho yake pale tabaka zilipoachana?

Andika basi maelezo yote kwa mpangilio wa tarehe zake, na mwambie msomaji kila mmoja alitumwa na nani. Hereward de Havilland alikuwa ndugu wa mwanzilishi wa kampuni iliyounda ndege hiyo. Hilo halimfanyi kuwa mwongo, ila msomaji ana haki ya kulijua anapopima maneno yake.

Waliokuwa chini

Daftari la operesheni linahesabu mabomu na ndege zilizorudi. Mara chache linajua bomu lilimwangukia nani, na mwandishi anayelifuata bila kufikiri hujikuta akiandika kwa macho ya mtu aliye juu peke yake. Sisi tuliokulia karibu na Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894, tunajua uchungu wa kusoma habari zako katika ripoti ya aliyekushambulia. Kwa hiyo unapofika Iraki ya miaka ya 1920, ambako Waingereza waliamua kutawala nchi kwa kutegemea ndege kuliko askari wa miguu, usiandike tu kwamba Vernon zilifungwa vishikio vya mabomu. Andika kwamba vilivyopigwa vilikuwa vijiji vyenye watu. Ukifika Malaya, eleza kwamba mabomu mengi yalidondoshwa kwenye msitu mnene ambao rubani hakuweza kuona ndani yake, na kwamba humo waliishi pia wenyeji wasiokuwa wapiganaji. Huhitaji kupandisha sauti wala kutafuta maneno makali. Sema jambo lenyewe, mahali pake na mwaka wake.

Kuhusu waliokufa wa kikosi chenyewe kazi ni rahisi zaidi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya wazi inayoweza kutafutwa kwa namba ya skwadroni. Kabla ya kuitumia, nenda mwenyewe kwenye makaburi ya vita yaliyopo Iringa mjini, usome mawe yake polepole, ujifunze namna jina, cheo, kikosi na tarehe vinavyopangwa. Wengi waliolala hapo ni wa vita vya kwanza, hawahusiani na skwadroni hii, lakini jicho lililokwisha kusoma jiwe halisi halisomi orodha kwa haraka.

Sehemu ya mafunzo, ambayo wengi huiandika vibaya

Waandishi wengi wakifika miaka ya mafunzo huchoka. Kurasa za vita zinakuwa mia mbili, za shule zinakuwa tatu zenye majina ya makamanda na sherehe za kupokea bendera. Naona ni kosa kubwa, kwa sababu shule ina mambo yake ya kueleza, ilimradi utafute kazi yenyewe inayofundishwa.

Katika Skwadroni ya 45 ya leo, iliyoko kambi ya Cranwell nchini Uingereza, kazi hiyo ni kumfundisha rubani kurusha ndege yenye injini mbili, na kiini chake ni siku injini moja inapozimika. Ndege yenye injini kwenye kila bawa ikipoteza moja, ile iliyobaki huisukuma upande mmoja, na pua huanza kugeukia upande wa injini iliyokufa. Rubani hukanyaga pedali ya usukani wa mkiani, upande wa injini iliyo hai, mpaka pua inyooke. Hapo mguu mmoja una kazi na mwingine umelegea, na marubani wana kanuni ya kukumbuka: mguu uliolegea uko upande wa injini iliyokufa. Mwanafunzi hulirudia zoezi hili mpaka mguu ujue kabla ya kichwa, kwa sababu baada ya kuruka tu, ndege ikiwa chini na mwendo wake mdogo, hakuna muda wa kusoma vipimo vilivyo mbele yake. Mwendo ukishuka chini ya kiwango fulani, usukani hauna tena nguvu ya kushindana na injini ile moja, ndege hulala ubavu na kuanguka.

Hapa ndipo nilipopata uzi nilioutafuta muda mrefu. Blenheim ilikuwa na injini mbili. Beaufighter ilikuwa na injini mbili. Mosquito ilikuwa na injini mbili zenye nguvu kubwa, na injini moja kuzimika wakati wa kuruka ilikuwa hatari iliyoogopwa na kila aliyeirusha. Vijana waliokuwa na namba ya 45 mwaka 1944 walikabiliana na hatari hiyohiyo ambayo vijana wenye namba ya 45 leo wanafundishwa kuishinda, mwalimu akiwa kiti cha pili na mkono wake karibu na vidhibiti. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, kwa kuwa namba ilihamishwa kwa sababu za kiofisi. Lakini mwandishi anayejua kazi ya mguu ule anaweza kumvusha msomaji kutoka kiwanja cha matope cha India hadi Cranwell bila kumdanganya, na kila kikosi kilichopita njia hii kina uzi wa namna yake ukiutafuta katika kazi badala ya kuutafuta katika sherehe.

Kwa miaka hii ya karibuni nyaraka nyingi bado hazijafunguliwa, na watu wake wako hai. Tumia yaliyotangazwa kwa umma, eleza aina za ndege na kinachofundishwa, na usichapishe jina wala picha ya mwanafunzi au mwalimu asiyekuwa mtu wa umma bila ridhaa yake.

Lugha na mpangilio

Amua maneno yako mapema na usiyabadilishe. Mimi nimechagua skwadroni kwa kikosi chenye namba, kundi kwa sehemu yake ndogo, ndege ya mabomu kwa ile iliyoundwa kudondosha mabomu, na safari ya kivita kwa kila mruko wa kwenda kushambulia. Neno kikosi nimelibakiza kwa maana pana, kama tunavyolitumia kila siku. Majina ya ndege usiyatafsiri, ila mara ya kwanza unapoitaja ndege eleza ina injini ngapi, inabeba watu wangapi na iliundwa kwa kazi gani, kwa sababu jina tupu la Brigand au Venom halimwambii chochote msomaji wa Makambako.

Usianze kuandika na mwaka wa kuanzishwa kwa kikosi. Anza na safari moja ya kivita ambayo Fomu 541 inaieleza vizuri, ieleze kwa saa na mahali, kisha rudi nyuma uonyeshe kikosi kilifikaje hapo. Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya watu wawili: mmoja anayejua ndege na mmoja asiyejua. Wa kwanza atakamata makosa ya injini na tarehe, wa pili atakusimamisha kila mahali ulipodhani umeeleza kumbe umetaja tu.

Kisha chapa nakala mbili zaidi ya zako. Moja ipeleke maktaba ya mkoa. Nyingine ipeleke kwenye nyumba yenye ile picha ukutani, na kama mwenye picha alikuambia jambo lililoingia katika maandishi yako, weka alama kwenye ukurasa huo ili wajukuu wake waupate upesi. Mzee wangu wa Kalenga hakuwahi kuiona kazi ilipokamilika. Nakala yake imekaa kwenye sanduku la binti yake, na ndani ya ukurasa wa Bonde la Kabaw nimeiweka ile picha ya Dakota, yenye alama ya kidole chake pembeni mwa mlango.